Naomba ushauri: nikiingia bustanini simalizi kazi niliyoiendea

Habari zenu wakuu. Nina kibustani nyuma ya nyumba hapa Morogoro, matuta manne tu: mchicha, matembele, bamia na nyanya. Shida si wadudu wala maji. Shida ni mimi.

Jumamosi niliamka saa 12 asubuhi nihamishe miche ya nyanya kutoka kitaluni, maana ina wiki ya sita sasa. Nikaenda stoo kuchukua jembe, mpini unacheza. Nikatafuta kabari. Katika kutafuta nikakuta mpira wa maji umetoboka, nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli nikaufunga. Kuujaribu tu, nikaona magugu kwenye mchicha, nikainama "dakika mbili". Naja kuinuka, saa 5, jua liko utosini, na miche ukiihamisha jua kali inanyauka yote. Nikasema basi jioni. Jioni nikajikuta natengeneza uzio wa kuzuia kuku wa jirani (uzio umetoka vizuri, hilo niseme).

Leo Jumatano miche bado iko kitaluni. Mke wangu ameacha hata kuuliza.

Wenzangu mnafanyaje? Mnatenga siku ya ukarabati peke yake, au kuna ujanja mwingine? Halafu hiyo miche imeshapita sentimita 30. Najua shina la nyanya likifukiwa hutoa mizizi, ila kwa urefu huo niifukie mpaka wapi, au nisie upya?