Naomba ushauri: klasi na obijekti kwenye MATLAB
Wakuu habarini, niko Kigoma mjini, matriksi (majedwali ya namba) za lugha ya programu ya MATLAB nishazizoea, sasa nataka kuingia kwenye klasi, yaani kiolezo cha kuundia obijekti (kifurushi cha data pamoja na kazi zake). Naandika programu ya kurekodi dagaa wa pale Kibirizi, kila mtumbwi uwe obijekti yenye kilo zake. Nikiandika m.ongeza(40), yaani mtumbwi m uongezewe kilo 40, kilo hazibadiliki mpaka niandike m = m.ongeza(40), maana klasi ya kawaida inarudisha nakala, ila nikiweka < handle kwenye classdef (mstari unaoanzisha klasi) inabadilika yenyewe. Sasa mitumbwi ikiwa mingi kipi bora, arei (orodha) ya obijekti au obijekti moja yenye vekta (safu ya namba) ya kilo zote ndani? Mi naona ya pili ndo inaendana na lugha yenyewe, unapiga sum(kilo) imeisha, ila mwenye uzoefu anielekeze tafadhali.