Mjadala: Je, idadi ya nukuu inatosha kumpima mtafiti wa sayansi ya utambuzi?

Mwanzisha mada
Wadau, kamati za ajira na za kupandisha vyeo zinazidi kumpima mtafiti wa utambuzi (kumbukumbu, umakini, lugha, maamuzi) kwa namba tatu: idadi ya makala, jumla ya nukuu (mara ambazo kazi zake zimetajwa kwenye kazi nyingine) na kipimo cha h. Hicho cha mwisho alikipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na h ya 20, basi makala zako 20 zimenukuliwa angalau mara 20 kila moja.

Msimamo wangu ni kwamba namba hizi zisiamue hatima ya mtu. Chukua watafiti wawili. Mmoja ana makala nne zilizonukuliwa mara 900, 400, 300 na 200. Mwingine ana makala 20, kila moja imenukuliwa mara 20. Wa kwanza ana nukuu 1,800 na h ya 4, wa pili ana nukuu 400 na h ya 20. Kamati inayotazama h tu itampa kazi wa pili bila kufungua hata makala moja.

Mchangiaji wa 2
Napinga, mkuu. Ukiziondoa namba, kinachobaki ni kujuana na barua za mapendekezo kutoka kwa maprofesa wenye majina. Mtu asiye na mlezi mkubwa anaumia zaidi hapo. Namba angalau yeyote anaweza kuzikagua.

Shida ni kwamba hazisafishwi. Anza na ORCID ya mtafiti, ile namba ya tarakimu 16 inayomtambulisha yeye peke yake, ili usimbebeshe kazi za mtu wanayefanana majina. Kisha chagua kanzidata moja kwa waombaji wote. Google Scholar huhesabu pia tasnifu, vitabu na rasimu za awali, wakati Scopus na Web of Science huchagua vyanzo vyao, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na h tatu tofauti siku hiyohiyo. Unganisha rasimu na toleo lililochapishwa: makala iliyogawanyika, nukuu 15 huku na 9 kule, haivuki kizingiti cha 20, ilhali ikiunganishwa ina 24. Toa nukuu za mtu kujinukuu mwenyewe. Mwisho, walinganishe waliochapisha kwa miaka inayokaribiana, maana h haishuki hata mtu akiacha kazi.

Mchangiaji wa 3
Hata ukisafisha, hujajua kwa nini makala inanukuliwa, na katika fani hii hilo ndilo kubwa. Tazama dodoso la Oldfield la mwaka 1971 la kupima mtu anatumia mkono gani. Lina nukuu nyingi mno kwa sababu maabara za picha za ubongo hulitaja kwenye aya ya washiriki: “wote walitumia mkono wa kulia,” nukuu, basi. Jaribio la MoCA la mwaka 2005, la kupima udhaifu wa utambuzi, nalo linanukuliwa kila linapotumika. Hizo ni nukuu za kifaa, na kutengeneza kifaa kizuri ni mchango halali kabisa. Lakini usiziweke kapu moja na nukuu za nadharia.

Kinyume chake, kazi ya Baddeley na Hitch ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu tendaji (kushikilia habari akilini kwa muda mfupi huku ukizifanyia kazi) ilitoka kama sura ya kitabu. Kanzidata inayohesabu makala za majarida tu itairuka, na hiyo ni mojawapo ya nguzo za fani.

Mchangiaji wa 4
Naongeza lililo zito zaidi: nukuu hazitofautishi matokeo yaliyosimama na yaliyoanguka. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Za awali, asilimia 97 zilikuwa na matokeo yenye umuhimu wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu. Za utambuzi zilifanya vizuri kuliko za saikolojia ya jamii, lakini hata hizo zilifika nusu hivi.

Mwaka 2021, watafiti Serra-Garcia na Gneezy wakaonyesha kwamba tafiti zilizoshindwa kurudiwa hunukuliwa zaidi kuliko zilizofaulu, na baada ya kushindwa huko kutangazwa, asilimia 12 tu ya nukuu mpya zilikutaja. Sasa kamati ikimzawadia mtu kwa nukuu, inazawadia nini hasa?

Mchangiaji wa 2
Hapo nakubali, idadi haithibitishi ukweli. Basi mwombaji achague makala tano, na kamati izisome. Kwa kila moja iulize: sampuli ilitosha kwa athari ndogo inayodaiwa? Data na programu za uchambuzi ziko wazi? Mpango wa uchambuzi ulisajiliwa kabla ya data kukusanywa? Jarida la Cortex lilianza mwaka 2013 kupokea makala kwa mfumo huo. Kuna maabara nyingine iliyorudia? Halafu ichukue nukuu 20 bila kuchagua, isome sentensi zenyewe na kuzipanga: kifaa, hoja, upinzani, au kutajwa kwa mazoea tu.

Mwanzisha mada
Hiyo ni kazi ya siku nzima kwa kila mwombaji. Kwa waombaji watano wa mwisho inawezekana. Kwa 80 wa kwanza haiwezekani, na dhuluma hutokea palepale, kwenye mchujo wa kwanza. Napendekeza mchujo huo utumie makala mbili kwa kila mwombaji, kila moja na maelezo ya maneno 150: swali, mbinu, matokeo, na yeye binafsi alifanya nini. Jina la jarida lisiwepo.

Mchangiaji wa 3
Kuficha jarida hakusaidii, kichwa cha makala kinatafutwa kwa sekunde mbili. Afadhali sehemu ya “alifanya nini” itumie orodha ya majukumu 14 ya CRediT, mfumo wa kueleza mchango wa kila mwandishi, na waandishi wenza waithibitishe kabla ya fomu kupokelewa. Kwenye makala ya picha za ubongo yenye waandishi 30, hilo ndilo linalokuonyesha aliyebuni jaribio na aliyekopesha mashine.