Michirizi ya ndege: tuanze kuikwepa sasa, au tusubiri utafiti zaidi?

Mleta mada: Wadau, ile michirizi myeupe inayoachwa na ndege inapasha dunia joto. Mvuke wa injini hugandia kwenye chembe za masizi ukawa barafu. Hewa ikiwa baridi na imeshiba unyevu, mchirizi hautoweki. Hutanda kama wingu jembamba na kuzuia joto lisitoke. Makadirio ya mwanasayansi David Lee na wenzake, yaliyochapishwa 2021, yanasema takriban theluthi mbili ya joto la usafiri wa anga halitokani na hewa ukaa, na michirizi ndiyo inayoongoza.

Msimamo wangu: tuanze kuikwepa, na huko kukwepa kwenyewe kuwe ndiyo utafiti. Matokeo ya jaribio la American Airlines na Google yalitolewa 2023: safari 70, marubani wakibadili kimo kidogo kukwepa hewa hiyo yenye unyevu, michirizi ikapungua kwa asilimia 54.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, malizia habari. Ndege zilizokwepa zilichoma mafuta asilimia 2 zaidi. Mchirizi unaisha kwa saa kadhaa, hewa ukaa inabaki karne na karne. Utabiri wa wapi michirizi itatokea ukikosea, umeongeza hasara ya kudumu bila faida yoyote. Na utabiri utakosea, kwa sababu unyevu wa huko juu, kilomita kumi hivi, haupimwi vya kutosha. Lee huyo huyo ameonyesha kuwa mashaka kwenye hesabu za athari hizi zisizo za hewa ukaa ni makubwa mara nane kuliko ya hewa ukaa.

Mleta mada: Hapo kwenye unyevu umenena, na ndiko pesa ya utafiti inakotakiwa kwenda. Tangu 1994 Ulaya imefunga vifaa vya kupimia hewa kwenye ndege za abiria, kwanza kwa mradi wa MOZAIC na sasa IAGOS, lakini ni ndege chache mno. Vifungwe kwenye nyingi, kila safari ilete data. Wala sisemi kila ndege ikwepe. Safari chache ndizo zinazosababisha sehemu kubwa ya joto hili. Mchana mchirizi huakisi jua kiasi na kupoza; usiku hakuna jua la kuakisiwa, unapasha tu. Tuanze na hizo.

Mchangiaji wa pili: Waongoza ndege mmewasahau. Kituo cha kuongoza ndege cha Maastricht, Uholanzi, kilijaribu kukwepa michirizi mwaka 2021, wakati anga ilikuwa na ndege chache kwa sababu ya korona. Kwenye msongamano wa kawaida, nani apewe kimo kizuri na nani ahamishwe? Na mafuta ya ziada analipa nani? Mleta mada, nijibu hilo kwanza.