Naomba ushauri: kutembea Njia ya Uhuru, milima ya Pyrenees

Habari zenu wakuu. Julai ijayo nataka kutembea Chemin de la Liberté (yaani Njia ya Uhuru), kutoka Saint-Girons, Ufaransa, hadi Esterri d'Àneu, Hispania. Ni njia ya siku nne waliyopita wakimbizi, Wayahudi na marubani wa Washirika (nchi zilizopigana na Ujerumani) wakiwatoroka Wanazi katika Vita vya Pili vya Dunia. Wengi walivuka usiku, na viatu vya mjini, nyuma ya waongozaji ambao wakikamatwa walipelekwa kwenye kambi za mateso au kuuawa. Nikiwafikiria hao waongozaji, natamani kupita walipopita.

Kinachonitia hofu ni siku mbili za mwisho. Siku ya tatu unapita mabaki ya ndege ya kivita ya Uingereza, aina ya Halifax, iliyoanguka Julai 1945, halafu kuna kipito cha mlimani cha Col de la Claouère, mita 2,522 juu ya usawa wa bahari, ambako theluji huweza kubaki hata kiangazi.

Magoti yangu husumbua kwenye mteremko mkali, hasa nikibeba mzigo. Je, fimbo mbili zinatosha? Mwongozaji ni lazima? Na begi lisizidi kilo ngapi? Waliowahi kupita huko, au milima ya aina hiyo, naombeni mnielekeze. Natanguliza shukrani.