Naomba ushauri: nilitaka kutua kiwanja sicho

Wakuu, shikamooni. Najifunza urubani. Juzi tulikuwa tunaenda KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), safari yangu ya kwanza huko. Nikaona lami mbele, nikapunguza mwendo, nikaanza kushuka. Mwalimu akanishika mkono: "Hiyo ni Arusha!" Nikatazama vizuri, mashamba ya kahawa haya hapa chini. Dira haikunisaidia, maana njia za kurukia ndege za viwanja vyote viwili zinaelekea mashariki-magharibi. Desemba 2013 Boeing 767 iliyokuwa inaenda KIA ilitua hapohapo Arusha, kwenye njia ya kama mita 1,600 tu!

Mwezi ujao naruka peke yangu. Nyie wazoefu, mnahakikishaje kiwanja ni chenyewe? GPS ninayo, ila macho yakishaona lami akili inakubali upesi. Kweli naogopa.