Kikundi cha kujitolea kubana matumizi ya umeme kwenye mji mdogo, tuanzie wapi watu wasikimbie?

mchanga_wa_mto
Habari za saa hizi wakuu. Mji wetu ni mdogo, wa watu kujuana, na tumejikusanya wachache tunataka tusaidie mji upunguze matumizi ya umeme na kuni na kutunza mazingira kwa ujumla, hakuna anayelipwa, ni walimu, mafundi, wastaafu na vijana waliomaliza shule. Tumeitisha mikutano, wa kwanza ukumbi ulijaa, watu wakapiga makofi wakachukua vipeperushi, wa pili wakaja nusu, wa tatu tukabaki sisi kwa sisi. Na majumbani hakuna kilichobadilika, taa za nje zinawaka mchana kweupe vilevile.
Sasa kundi limegawanyika, kuna wanaotaka tuchangishe tufunge sola shuleni na kwenye zahanati maana ni kitu kinachoonekana, na kuna wanaosema tuanze na majumbani tupunguze kwanza. Walioshawahi kufanya kazi hii, kipi kinawashika watu? Nauliza kwa moyo mmoja maana hawa wenzangu wanakuja jioni wakiwa wamechoka na kazi zao, nikiona wanaanza kukata tamaa naumia.

fundi_mita
Mkuu mikutano iwekeni pembeni kwanza, nendeni kwenye mita. Mtu ukimwambia "okoa nishati" anaitikia tu, ila ukisimama naye mbele ya mita yake anaona mwenyewe. Mita nyingi za kisasa zina kataa kadogo kanakopepesa na pembeni imeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake kakipepesa mara 1000 ni uniti moja imeisha. Zimeni kila kitu ndani halafu mwangalie, kama bado kanapepesa kuna kitu kinakula humo ndani. Kakichukua sekunde 36 kati ya pepesa na pepesa hapo inatumika wati 100. Washa pasi muone kanavyokimbia, hata mtoto anaelewa, na nakuhakikishia yule mtoto ndo atakuwa mlinzi wa swichi za nyumba nzima.
Halafu hesabu zifanyeni pamoja na mwenye nyumba kwenye karatasi yake, sio mje nazo. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka masaa 5 kila siku ni uniti 9 kwa mwezi, ya LED ya wati 9 inayotoa mwanga unaokaribiana nayo ni uniti moja na theluthi hivi. Ila msikwame kwenye taa tu maana kinachokula sana ni joto, kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 ni karibu moja ya kumi ya uniti, umeme huohuo ungewasha ile LED masaa 10. Kwa hiyo mtu anayejaza birika zima kwa kikombe kimoja, au mwenye hita ya maji inayokaa imewaka kutwa, huyo ndo wa kukaa naye. Na friji jamani, bana karatasi kwenye mlango ufunge halafu uvute, ikitoka kirahisi raba imechoka, baridi inavuja na mota hailali.

nyumba_ya_tatu
Naongezea kwa fundi hapo juu. Kuna kijiji Uingereza kinaitwa Ashton Hayes, watu kama elfu moja tu, mwaka 2006 wenyewe kwa wenyewe waliamua kupunguza hewa ukaa yao na walipunguza kweli, zaidi ya asilimia 20. Kilichonigusa kwao ni kwamba walipima kwanza, watu wa chuo kikuu cha jirani wakawasaidia kufanya utafiti nyumba kwa nyumba, halafu wanasiasa wakakaribishwa kusikiliza lakini sio kuhutubia. Hili la pili msilidharau kabisa, siku mtakayompa mgombea kipaza sauti nusu ya mji itawahesabu nyie ni watu wake na kazi yote inaharibika.

upepo_wa_asubuhi
Mimi naomba nipingane kidogo na wote wawili. Kuzima swichi ni sawa lakini watu wanachoka, mtu anataka kitu ambacho anasema hiki ni chetu. Angalieni kisiwa cha Samsø kule Denmaki, watu kama 4,000, mwaka 1997 walishinda shindano la serikali la kisiwa cha kujitegemea kwa nishati mbadala, wakaweka mitambo ya upepo 11 nchi kavu na 10 baharini, na sehemu ya mitambo hiyo ni hisa za wakazi wenyewe. Mtu mwenye hisa akiamka anaangalia upepo kama unavuma!! Nyie hamna hela hizo sawa, lakini sola moja kwenye zahanati iliyochangiwa na kila mtaa itawaunganisha watu kuliko vipeperushi vyote mlivyochapisha.

fundi_mita
@upepo_wa_asubuhi nakukubalia kwenye umiliki, hilo ni kweli tupu. Ila mpangilio mkuu, mpangilio. Ukipima sola ya zahanati wakati bado ina balbu za zamani na friji inayovuja baridi utanunua paneli na betri za kulisha uharibifu. Badilisheni taa kwanza, rekebisheni friji, halafu ndo mpige hesabu, hapo mfumo unapungua na mchango unatosha. Na siku hiyohiyo mnayochangisha semeni nani atafuta vumbi kwenye paneli na hela ya betri mpya itatoka wapi, maana betri zinachoka kabla ya paneli, nimeona mifumo mizuri imekufa kwa sababu hiyo tu.

bibi_wa_bustani
Wanangu mmeongea vizuri ila mnasahau watu. Kuna nyumba inatumia taa mbili na redio, huyo ukienda kumhubiria apunguze unamtukana. Anzeni na wanaotumia sana, pamoja na ofisi na nyumba za ibada, wale wa chini waendeeni na msaada sio mahubiri. Kuni kwa mfano, kuni mbichi sehemu ya moto wake inaishia kukausha maji yaliyomo kwanza, kwa hiyo kibanda cha kukaushia cha mtaa mzima ni kazi ya siku moja ya vijana na kila mama atawashukuru. Na wapangaji je? Mpangaji hawezi kubadilisha hita ya mwenye nyumba, hapo inabidi nyie kundi ndo mkaongee na mwenye nyumba.

mchanga_wa_mto
Asanteni sana aisee, hapa nimepata kitu cha kupeleka kwa wenzangu. Kwa hiyo tunaanza na mita, halafu zahanati taa na friji kabla ya mchango wa sola, na kibanda cha kuni nimekipenda mno. Swali moja limebaki, kuna mtu anataka tubandike orodha ukutani ya nani anatumia uniti ngapi ili watu washindane, ni sawa hiyo?

bibi_wa_bustani
Hapana mwanangu. Matumizi ya mtu yanaonyesha hadi lini yupo nyumbani na lini hayupo, wezi nao wanasoma. Nyumba nyingine ina mgonjwa wa mashine, uniti zake zitakuwa juu na hana kosa. Bandikeni jumla ya mtaa mzima, mtaa kwa mtaa, na daftari la nyumba moja moja abaki nalo mwenye nyumba.

fundi_mita
Bibi kamaliza. Na mtaa ulinganishe na wenyewe, mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana, usilinganishe msimu wa joto na wa baridi maana mtadanganyika. Nani akasome mita? Wapeni wale vijana waliomaliza shule, wawili wawili, mmoja awe wa mtaa huohuo ili milango ifunguliwe.