Tupeane uzoefu: mfumo endeshi gani huria umeweka kwenye seva ya video ya nyumbani?

Wakuu, habari za humu.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu watu wengi wananiuliza waweke nini kwenye kompyuta ya mtumba wanayotaka iwe seva ya filamu, muziki na picha za familia. Maelezo mengi yaliyoko mtandaoni yameandikwa na watu ambao umeme haukatiki kwao. Kwetu swali la kwanza ni hili: umeme ukikatika usiku na kurudi alfajiri, je, mashine itawaka yenyewe na filamu zionekane kwenye TV bila mtu kugusa kibodi? Tuelezane kwa msingi huo, na utaje mashine unayotumia.

Naanza mimi. Natumia Debian tupu (mfumo endeshi wa Linux), haina madirisha wala eneo-kazi, na juu yake nimeweka Jellyfin, programu ya kurushia filamu na muziki kwenye TV na simu za nyumbani. Debian hutoa toleo jipya takriban kila miaka miwili, na katikati hapo unachopata ni marekebisho ya usalama na ya hitilafu. Kwa anayenunua bando hilo si jambo dogo. Tena tangu toleo la 12, la mwaka 2023, programu za kuamshia wai-fai na kadi nyingine zimo ndani ya faili rasmi la usakinishaji, kwa hiyo ule usumbufu wa zamani wa kuzitafuta pembeni umeisha. Jellyfin nayo ilizaliwa Desemba 2018, pale Emby, programu ya aina hiyohiyo, ilipofunga msimbo wake na baadhi ya watu wakaendeleza ule uliokuwa wazi. Haidai akaunti ya mtu yeyote nje ya nyumba yako, hivyo bando likiisha sebuleni watu wanaendelea kutazama.

Kilichoniokoa zaidi ni neno moja kwenye faili la /etc/fstab, linaloorodhesha diski za kufunguliwa mashine ikiwaka. Diski yangu ya nje nimeiandika kwa UUID yake, yaani kitambulisho chake kisichobadilika, si kwa sdb au sdc, maana herufi hizo hubadilika. Kisha kwenye mstari huohuo nimeweka nofail. Bila neno hilo, mashine ikiwaka huku waya wa USB umelegea, Debian huisubiri diski sekunde 90, halafu inaishia kwenye skrini nyeusi ya dharura. Kwa seva isiyo na skrini maana yake imezima, mpaka uibebe ukaichomeke kwenye TV. Na kwenye BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe, kabla mfumo haujawaka) nimechagua mashine iwake yenyewe umeme ukirudi.

Karibuni.

Mdau wa Kisauni

Ahsante kwa uzi, ndugu yangu. Mimi niko na OpenMediaVault. Ndani yake ni Debian hiyohiyo yako, ila kila kitu unakifanya kwa ukurasa wa kivinjari: diski, folda za Samba (za kushirikiana kwenye mtandao wa nyumbani), watumiaji, ruhusa. Nimeichagua kwa sababu seva si yangu peke yangu. Mume wangu anaweka picha za kazi, wanangu wanaweka masomo yao, na sitaki niwe ndiye pekee anayejua pa kugusa. Nikisafiri, mtoto wa sekondari anafungua ukurasa, anaona diski imejaa kiasi gani, anaendelea.

Jambo la kujua kabla: inataka diski nzima iwe ya mfumo, haikubali uchanganye na filamu zako. Wengi tunaiweka kwenye flashi ya USB ili tusipoteze diski. Ukifanya hivyo washa ile programu-jalizi ya flashmemory, hupunguza uandishi kwenye flashi. Usipoiwasha, flashi ya bei rahisi haikai.

Mgeni wa seva

Shikamooni wakuu. Nina laptop, skrini imepasuka lakini ndani iko nzima. Ni i3 ya kizazi cha nne, ramu 4GB. Inafaa au niiuze vipuri?

Mwanzisha uzi

Marahaba. Usiiuze. Laptop ina betri, na betri nzima ni UPS ambayo tayari unayo. Weka Debian, kisha kwenye /etc/systemd/logind.conf andika HandleLidSwitch=ignore ili ukifunga mfuniko isilale. Iache mahali penye hewa, usiifungie kabatini.

Mzanzibari wa Maskati

Mimi nitakwenda kinyume na nyinyi kidogo. Huku umeme umetulia, na nilichonacho si filamu za kupakua. Ni kanda za VHS za harusi za nyumbani Unguja, za wazee wetu na za taarabu za mtaani, nilizozihamisha moja moja kwenye kompyuta. Kanda zenyewe zimeshaota ukungu, hazirudiwi tena. Kwa mali kama hiyo nimeweka TrueNAS, mfumo endeshi wa seva za kuhifadhi faili, kwa sababu ya ZFS, yaani namna yake ya kupanga na kulinda faili kwenye diski.

ZFS, iliyotoka Sun Microsystems, huhifadhi alama ya ukaguzi kwa kila kipande cha data. Ukipanga diski mbili zinakiliana, kipande kikiharibika upande mmoja yenyewe inakitambua na kukirekebisha kutoka upande wa pili. Nimepanga ukaguzi wa diski nzima uwe unajiendesha kila baada ya muda. Kuna wakati ulionyesha diski moja ina makosa ya kusoma, wakati video zote zilikuwa bado zinacheza vizuri. Niliibadilisha mapema. Mfumo mwingine ungeninyamazia. Ila tayarisha ramu: wenyewe wanasema isipungue 8GB.

Mwanzisha uzi

Mkuu, hapo sikupingi, na kazi ya kuokoa kanda hizo ni ya heshima kubwa. Naongeza tu kwa wasomaji: ZFS inataka diski zilizochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama. Sisi wenye diski za nje za USB hatuifaidi ipasavyo. Na diski mbili zinazokiliana si bakapu. Ukifuta faili limefutika kote kuwili, na mwizi akibeba boksi amebeba zote. Nakala nyingine ikae nyumba nyingine.

Mdau wa Tabora

Mama yangu ana miaka mingi na hataki kusikia habari za seva. Nimemwekea Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, yenye mfumo wa LibreELEC. Ukiwasha inaingia moja kwa moja kwenye Kodi, programu ya kutazamia filamu kwenye TV, hakuna kingine. Rimoti ni ileile ya TV, kwa sababu Pi inapokea vitufe kupitia waya wa HDMI ikiwa TV ina CEC. Na faili za mfumo wenyewe zinafunguliwa kwa kusomwa tu, kwa hiyo umeme ukikatwa ghafla mfumo hauguswi. Folda ya mahubiri na kwaya naiongezea kwa Samba nikienda kusalimia.

Mgeni wa seva

Nimeshaweka Debian na Jellyfin. Simu inacheza vizuri, ila baadhi ya filamu kwenye TV ya chumbani zinakwama na laptop inachemka.

Mwanzisha uzi

Hapo seva inageuza video kwa nguvu ya prosesa, kwa sababu TV hiyo haisomi HEVC, aina mpya zaidi ya kubana video. Chipu yako ya kizazi cha nne haina msaada wa HEVC. Ule kamili wa biti 10 ulikuja kizazi cha saba. Yako inaweza kutengeneza H.264 tu, aina ya zamani zaidi. Kwenye mipangilio ya Jellyfin chagua VAAPI, usichague QSV (zote ni njia za kugeuza video kwa chipu ya picha badala ya prosesa), na umwingize mtumiaji jellyfin kwenye kundi la render, lenye ruhusa ya kutumia chipu hiyo. Kisha zima maandishi ya chini yaliyo kama picha, yale ya PGS, maana TV isiyoyasoma huilazimisha seva kuyachoma ndani ya video nzima. Weka ya SRT, ambayo ni herufi za kawaida. Filamu za HEVC unazozipenda zigeuze H.264 mara moja usiku, zikae hivyo. Ukimaliza tuambie joto limeshuka kiasi gani.